Heshima ya mchezaji imo kinywani mwa mtangazaji

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Dar es Salaam mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya kutangaza michezo.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utangazaji bora wa michezo. Neno hili "bora" ni jepesi kulitamka, lakini ni zito kulieleza. Ningeweza kuwasomea orodha ya sifa za mtangazaji mwema: awe na sauti nzuri, azijue kanuni, asipendelee timu. Yote hayo ni kweli, na yote mmekwisha kuyasikia darasani. Kwa hiyo nimeonelea nichukue mfano mmoja tu, tuuchambue pamoja mpaka tuone kilichomo ndani yake. Mfano wenyewe unatoka mbali. Ni utangazaji wa televisheni wa mpira wa kikapu wa wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani.

Najua mtaniuliza: mbona unatupeleka ng'ambo, hali hapa kwetu kuna mambo tele? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Kwanza, mchezo huo ulianza ukiwa haupewi nafasi kabisa katika televisheni, na katika muda wa miaka hamsini hivi ukafika mahali pa kutazamwa na mamilioni ya watu. Kwa hiyo tunaweza kuona waziwazi jinsi kazi ya mtangazaji ilivyokua, mahali ilipofaulu na mahali inapokwama. Pili, makosa yanayofanyika huko si ya Wamarekani peke yao. Kila ashikaye kipaza sauti yumo katika hatari ya kuyafanya. Tatu, jambo lenyewe si geni kabisa kwetu. Wengi wenu mnalijua jina la Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa sababu kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alikichezea chuo hicho kuanzia 2006 hadi 2009. Lakini ni wangapi kati yenu wanaojua kwamba timu ya wanawake ya chuo hichohicho ilitwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya 12 mwaka 2025? Kutojua huko si kosa lenu. Ni sehemu ya habari ninayotaka kuwaeleza.

Hebu kwanza tuitazame historia. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mwaka 1891. Haukupita muda mrefu, Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, akawafundisha wanafunzi wake mchezo huo. Maana yake ni kwamba wanawake hawakuukuta mchezo huu umekwisha kukomaa ndipo wakauazima kwa wanaume. Waliucheza tangu ulipokuwa mchanga. Lakini kuucheza mchezo ni jambo moja, na kuonekana ukiucheza ni jambo jingine.

Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na kutokana na sheria hiyo vyuo vikalazimika kuwapa wanawake nafasi katika michezo. Mwaka huohuo chuo kidogo cha Kikatoliki huko Pennsylvania, kiitwacho Immaculata, kilichukua ubingwa wa kwanza wa taifa wa wanawake, huku masista wa chuo wakishangilia kwa kugonga ndoo. Mnamo Januari 1975 Immaculata ilicheza na Maryland, na mchezo huo ndio hutajwa kuwa wa kwanza wa wanawake wa vyuo kuonyeshwa katika televisheni nchini kote. Immaculata ilishinda kwa pointi 80 kwa 48. Mwaka 1982 chama kikubwa cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha mashindano yake ya wanawake, na Louisiana Tech ikaifunga Cheyney State 76 kwa 62 katika fainali. Mwaka 1996 kituo cha ESPN kilichukua kazi ya kuyaonyesha mashindano hayo. Hata hivyo ilitubidi kungoja hadi 2021 ndipo kila mchezo wa mashindano hayo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ulipoonyeshwa kwa taifa zima.

Halafu ikaja tarehe 7 Aprili 2024. South Carolina ilikutana na Iowa katika fainali mjini Cleveland. Watu karibu milioni 19 waliitazama nchini Marekani. Siku iliyofuata wanaume nao walicheza fainali yao, na waliotazama walikuwa milioni 14.8. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia fainali ya wanawake kupata watazamaji wengi kuliko ya wanaume. Nami nilikesha kuitazama. Kwa saa zetu ilianza saa nne ya usiku.

Sasa, ndugu zangu, watu milioni 19 wanapokaa kutazama, na wengi wao ni wageni wa mchezo wenyewe, ni nani anayewaambia wanachokiona? Ni mtangazaji. Macho ni ya mtazamaji, lakini maana ya kile anachokiona hutegemea sana maneno ya mtu mmoja au wawili waliokaa kando ya uwanja. Hiyo ni amana kubwa. Basi tuone ilivyotunzwa.

Watafiti watatu, Michael Messner, Margaret Carlisle Duncan na Kerry Jensen, walisikiliza kwa makini matangazo ya televisheni ya mwaka 1989, ya mpira wa kikapu wa vyuo na ya tenisi, ya wanawake na ya wanaume. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993. Walichokigundua ni hiki: mchezo wa wanaume uliitwa mpira wa kikapu, basi, lakini wa wanawake ulitajwa kila mara kuwa ni wa wanawake, katika maneno na katika maandishi ya kwenye kioo, kana kwamba mtazamaji angeweza kusahau. Wachezaji wa kike, watu wazima, waliitwa wasichana, hali wa kiume hawakuitwa wavulana. Mwanamume akishinda, sababu ilikuwa nguvu na akili yake. Mwanamke akishinda, bahati nayo ilipewa sehemu yake. Mwanamume akishindwa, mpinzani alikuwa na nguvu zaidi. Mwanamke akishindwa, moyo wake ulikuwa umetetereka.

Msidhani mambo hayo ni madogo. Hakuna hata neno moja katika hayo lililokuwa tusi, na pengine watangazaji wale walijiona kuwa watu waungwana. Lakini tone moja halijazi mtungi. Matone elfu huujaza. Mtazamaji aliyesikiliza michezo ishirini aliondoka na imani kwamba kuna mchezo wenyewe, na kuna mchezo wa pembeni.

Hapa nataka niseme jambo linalotuhusu sisi tunaotangaza kwa Kiswahili. Lugha yetu imetupa neema ambayo Kiingereza hakina. Tukisema "anapokea, anageuka, anaruka, anafunga," kitenzi hakiulizi kama mchezaji ni mwanamume au mwanamke. Kinataja tendo tu. Lakini sisi wenyewe huirudisha mlangoni neema hiyo. Huongeza "dada zetu hawa," kisha tukamaliza kwa kusema "kwa kweli wamejitahidi." Ndugu zangu, mchezaji aliyefunga amefunga. Hakujitahidi kufunga. Neno "wamejitahidi" ni la kumwambia mtoto aliyeshindwa mtihani.

Ni nani basi waliourekebisha utangazaji wa mchezo huo huko Marekani? Kwa sehemu kubwa waliourekebisha ni wachezaji wenyewe, walipovua jezi na kushika vipaza sauti. Ann Meyers, aliyekuwa nyota wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ni mmoja wa waliotangulia. Doris Burke alichezea Chuo cha Providence, akaanza mwaka 1990 kwa kutangaza redioni michezo ya wanawake wa chuo chake. Mwaka 2024 akawa mwanamke wa kwanza kuwa mchambuzi wa televisheni katika fainali za NBA, ligi ya wanaume wa kulipwa. Debbie Antonelli alichezea Jimbo la North Carolina. Beth Mowins alichezea Chuo cha Lafayette, na kutoka huko akaingia katika utangazaji. Rebecca Lobo alikuwamo katika timu ya Connecticut iliyoshinda michezo yote 35 na kuchukua ubingwa mwaka 1995. Kara Lawson, mchezaji wa zamani wa Tennessee, alichambua michezo kwa ufasaha, na mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Duke kikamchukua akawe kocha wake.

Kwa nini watu hawa waliinua kiwango cha kazi? Si kwa sababu ni wanawake. Ni kwa sababu wanaujua mchezo kutoka ndani. Naomba muielewe tofauti hiyo, kwa maana mtu anaweza kudhani kwamba kuweka mwanamke mbele ya kipaza sauti kunatosha. Hakutoshi, kama vile kuweka mwanamume hakutoshi.

Kazi yenyewe hugawanywa kwa watu wawili. Mmoja ni mtangazaji, ambaye hueleza nini kinatokea: nani ana mpira, muda uliobaki ni kiasi gani, timu gani inaongoza. Wa pili ni mchambuzi, ambaye hueleza kwa nini kimetokea. Mchezo wa wanawake wa vyuo una mambo mengi yanayomhitaji mchambuzi huyo. Tangu msimu wa 2015 hadi 2016 wao hucheza robo nne za dakika kumi kumi, wakati wanaume wa vyuo huendelea na vipindi viwili vya dakika ishirini. Hesabu ya makosa ya timu huanza upya kila robo, na kosa la tano huwapa wapinzani mitupo miwili ya adhabu. Kwa hiyo kocha mwenye akili humpumzisha mlinzi wake mkali robo inapokaribia kwisha, kisha humrudisha. Mtazamaji asiyeambiwa hilo ataona mtu ametoka na mtu ameingia, basi. Mtazamaji aliyeambiwa ataona akili ikifanya kazi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutazama na kuona.

Lakini nisingekuja hapa kama hadithi ingeishia kwenye mafanikio. Yako makosa yaliyobaki, na mengine ni mapya, yamekuja pamoja na umaarufu. Nitataja manne.

Kosa la kwanza ni maongezi yanayoufunika mchezo. Mtangazaji huja na habari alizoziandaa nyumbani: mchezaji huyu ana mbwa, yule alizaliwa pamoja na pacha wake, kocha huyu hupenda kupika. Habari hizo si mbaya zenyewe. Mpira ukiwa umesimama, zina nafasi yake. Lakini mara nyingi huendelea kusimuliwa huku mpira ukichezwa, na kikapu kinafungwa katikati ya hadithi ya mbwa. Jambo hili limezidishwa na ubahili. Tangu janga la mwaka 2020, michezo mingi ya vyuo imekuwa ikitangazwa na watu waliokaa studio au nyumbani kwao, wakitazama kioo kama mimi na wewe. Mtu aliye mbali na uwanja haoni kilicho nje ya picha. Haoni kocha akitoa ishara, haoni mchezaji wa akiba akivua koti. Asichokiona hukijaza kwa maongezi.

Kosa la pili ni kumfuata nyota mmoja. Kati ya 2023 na 2024 Caitlin Clark wa Iowa aliwavuta watazamaji kuliko mchezaji mwingine yeyote wa vyuo, na alistahili. Lakini turudi katika fainali ile ya 2024. Clark alifunga pointi 18 katika robo ya kwanza peke yake, na hatimaye akafikisha 30. Ungemtazama yeye tu, ungedhani Iowa inashinda. Iowa ilishindwa, 87 kwa 75. Kwa nini? Wachezaji wa akiba wa South Carolina, wale walioanza mchezo wakiwa wamekaa, walifunga pointi 37. Wa akiba wa Iowa hawakufunga hata moja. Kamilla Cardoso, mzaliwa wa Brazili, alifunga 15 na kunyakua mipira 17 iliyorudi kutoka ubaoni. Raven Johnson alifanya kazi ngumu ya kumkaba Clark. Mtangazaji anayemfuata nyota peke yake atakuwa amewaeleza watu mchezo ambao mwisho wake haueleweki.

Kosa la tatu ni kusahau waliotangulia. Tarehe 15 Februari 2024 Clark alizipita pointi 3,527 za Kelsey Plum, na watu wengi wakasema kwamba rekodi ya wanawake wa vyuo imevunjwa. Je, ilikuwa kweli? Lynette Woodard wa Chuo Kikuu cha Kansas alifunga pointi 3,649 kabla ya kumaliza chuo mwaka 1981. Lakini wakati huo michezo ya wanawake ilisimamiwa na chama chao wenyewe, kilichoitwa AIAW, na NCAA haikuziingiza rekodi za chama hicho katika vitabu vyake. Pearl Moore, aliyecheza hasa katika chuo kidogo cha Francis Marion, alifunga 4,061, idadi ambayo hata Clark, aliyemaliza na 3,951, hakuifikia. Kumbukeni pia kwamba Woodard alicheza na mpira mkubwa, ule wa wanaume, kwani mpira mdogo uliletwa msimu wa 1984 hadi 1985. Wala katika siku zake hapakuwa na mstari wa pointi tatu.

Clark alimpita Woodard tarehe 28 Februari 2024, na kocha wake mwenyewe, Lisa Bluder, alikuwa miongoni mwa waliosema wazi kwamba hiyo ndiyo rekodi ya kweli. Siku chache baadaye, Clark alipompita Pete Maravich, bingwa wa ufungaji kwa upande wa wanaume, Woodard alikuwapo uwanjani. Mambo haya yote yanaweza kuelezwa kwa sentensi mbili. Mtangazaji aliyezisema sentensi hizo mbili hakumpunguzia Clark kitu. Alimweka katika ukoo wake. Aliyezinyamazia alifanya kana kwamba wanawake walianza kucheza siku televisheni ilipofika. Kaburi la pili la mtu ni kusahauliwa, na mara nyingi anayelichimba ni yule aliyepewa kazi ya kukumbuka.

Kosa la nne ni mizani mbili. Mwaka 2007 timu ya Rutgers, iliyofunzwa na C. Vivian Stringer, ilifika fainali ikashindwa na Tennessee. Kesho yake mtangazaji mashuhuri wa redio, Don Imus, aliwatukana wasichana wale kwa rangi yao na nywele zao. Alifukuzwa kazi, na ilistahili. Tusi la wazi lina adhabu yake. Lakini mizani mbili isiyo wazi ni ngumu zaidi kuikamata. Mwaka 2023, LSU ilipoifunga Iowa 102 kwa 85 katika fainali, Angel Reese alimwonyesha Clark ishara ya mkono ya kejeli, ambayo Clark mwenyewe alikuwa ameitumia katika mchezo wa nyuma. Kwa mmoja wengi waliiita ushindani. Kwa mwingine wengi waliiita utovu wa adabu. Mmoja ni mweupe na mwingine ni mweusi. Mwaka uliofuata gazeti la Los Angeles Times lilichapisha makala iliyozifananisha timu mbili, UCLA na LSU, moja kwa maneno ya mapenzi na nyingine kwa maneno ya uchafu, hata ikabidi maneno yale yaondolewe na mwandishi aombe radhi. Mtangazaji wa mchezo hawezi kuwazuia wengine wasiseme. Lakini yeye mwenyewe anaweza kujiwekea sharti moja jepesi: neno nililolitumia kwa huyu leo, ningelitumia kwa yule jana? Kama jibu ni hapana, neno hilo alimeze.

Baada ya makosa hayo manne, Ndugu Mwenyekiti, nataka nitaje jambo ambalo naliona ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Liko kosa ambalo huvaa nguo za wema. Ni kusifu kila kitu.

Sikilizeni baadhi ya matangazo ya michezo ya wanawake. Kila mchezaji ni mtu mwema, kila kocha ni mlezi wa ajabu, kila mtupo uliokosa ulikuwa karibu sana. Hakuna anayekosea. Mtangazaji anaogopa kwamba akisema mlinzi amelala, ataonekana anaudharau mchezo wa wanawake. Basi huwavika wote sifa, kama mwenyeji anayemsifu mgeni asiyetarajia kumwona tena. Mimi nasema kwamba huko ndiko kudharau kwenyewe. Mtu unayemheshimu humwambia amekosea wapi. Katika mchezo wa wanaume mchambuzi husema bila kusita: mlinzi huyu amechelewa hatua mbili, kocha huyu amechelewa kuomba muda wa mapumziko. Anasema hivyo kwa sababu anaamini kwamba walioko uwanjani ni mafundi, na fundi hupimwa kwa kazi yake. Basi na wanawake wapimwe vivyo hivyo. Sifa isiyoweza kunyimwa haina thamani kwa anayepewa.

Najua wako watakaonipinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema: watazamaji wapya hawajui ulinzi wa kanda wala hesabu ya makosa. Wamekuja kwa ajili ya nyota na hadithi zao. Ukiwapa somo, watazima televisheni. Wapeni kwanza kilichowaleta.

Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba mgeni hapewi jembe siku ya kwanza. Hadithi ya mchezaji inaweza kuwa mlango wa kuingilia nyumbani. Lakini mwenyeji anayemwacha mgeni wake mlangoni mwaka mzima hajamkaribisha. Mtu aliyekuja kwa ajili ya nyota mmoja ataondoka siku nyota huyo atakapomaliza chuo, nao wote humaliza. Miaka minne si mingi. Aliyefundishwa kuuona mchezo atabaki, kwa sababu mchezo haumalizi chuo.

Tena tusimtupie mtangazaji mzigo wote. Ubora wa matangazo hununuliwa. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa Oregon, Sedona Prince, alionyesha kwa picha jinsi wanaume walivyopewa ukumbi mkubwa wa mazoezi na wanawake wakapewa rafu moja ya vyuma. Kelele ilikuwa kubwa, hata uchunguzi ukafanywa. Taarifa yake ya Agosti 2021 ilikadiria kwamba haki za kuonyesha mashindano ya wanawake zingekuwa na thamani ya dola milioni 81 hadi 112 kwa mwaka ifikapo 2025. Wakati huo zilikuwa zimeuzwa katika furushi moja na mashindano mengine 28, yote kwa jumla dola milioni 34 hivi kwa mwaka. Mkataba mpya wa Januari 2024 ulilipandisha furushi hilo hadi wastani wa dola milioni 115 kwa mwaka, na NCAA yenyewe ikaikadiria sehemu ya mashindano ya wanawake kuwa milioni 65 hivi. Kwa miaka mingi, basi, watu walisema mchezo hauna watazamaji, wakaupa kamera chache na watangazaji wasio na muda wa kujiandaa, kisha wakashangaa kwamba matangazo hayavutii. Huko ni kumfunga mtu miguu na kumlaumu kwa kutokimbia.

Ndugu zangu, nimalizie na kisa kidogo. Usiku mmoja nilikuwa natazama mchezo wa vyuo hivyo, ambao sitautaja, pamoja na binti wa dada yangu. Yeye hucheza netiboli shuleni kwao, nanyi mnajua kwamba netiboli ilizaliwa Uingereza kutokana na mpira wa kikapu huohuo. Ni mlinzi. Mpira wa kikapu haujui sana, wala Kiingereza cha haraka hakisikii chote. Baada ya muda akaniuliza: "Mjomba, yule anayemkaba nyota anaitwa nani?"

Nikamwambia asubiri, mtangazaji atamtaja. Tukasubiri. Tulisikia nyota huyo alikulia wapi. Tulisikia alikula nini asubuhi. Robo nzima ikapita. Nyota akakosa mtupo mmoja, akakosa wa pili, akapoteza mpira, na kila mara mtangazaji alisema kwamba leo nyota hana bahati. Binti yangu akasema, kwa upole, "Mjomba, si bahati. Ni yule dada anayemkaba. Angalia miguu yake."

Nikaangalia miguu yake. Alikuwa anasema kweli. Mchezaji yule alikuwa anafika mahali kabla ya nyota kufika, kila mara, kwa hatua fupi fupi, bila kumgusa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote uwanjani, nayo ikaisha bila jina lake kutamkwa hata mara moja. Mtoto wa shule alikuwa ameona kile ambacho mtu aliyelipwa kuona hakukiona.

Vijana wangu, mtakapokabidhiwa vipaza sauti, iwe ni kwa netiboli, mpira wa miguu au mpira wa kikapu, mkumbukeni mlinzi yule asiye na jina. Yeye hakuhitaji huruma ya mtangazaji. Hakuhitaji kuambiwa kwamba amejitahidi. Alihitaji jambo moja tu: kwamba alichokifanya kisemwe, na kisemwe kwa jina lake. Mkifanya hivyo kwa kila mchezaji, akifaulu mseme amefaulu, akikosea mseme amekosea, mtakuwa mmempa heshima yake yote.